Barua ya wazi kwa waziri wetu wa kaunti: tunaomba ufunguo wa ukumbi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka huku mlimani. Barua mbili nimeleta ofisini kwako mwenyewe kwa mkono zikapigwa muhuri nikiona, meseji sikumbuki ni ngapi, na jibu hakuna hata moja, kwa hivyo leo naandika mbele ya watu wote. Unisamehe kama kuna mahali nitapandisha sauti, tangu Jumanne sijalala vizuri.

Jumanne mvua ilianza saa mbili usiku na haikupumzika. Saa sita hivi mlango wa jikoni ukakataa kufunguka. Mtu wa bondeni atasema ni mbao imefura maji, lakini sisi tulifundishwa na watu wako wenyewe kwamba mlango ukianza kukwama ghafla hivo, yawezekana ardhi chini ya nyumba inasonga. Nikapitia mlango wa mbele na tochi mpaka nyuma ya choo. Ule ufa ambao mwaka jana ulikuwa unameza kidole tu, Jumanne mkono wangu uliingia mpaka karibu na kiwiko, na yale maji ya chemchemi hapo chini ambayo huwa meupe hata masika yalikuwa yamegeuka kama chai ya maziwa. Sikungoja kitu kingine.

Mheshimiwa, nataka ujue sisi hatukuwa tumekaa tu tukingoja serikali. Mwaka jana mlikuja na semina, mkatuambia kila nyumba iwe na begi la dharura, na mimi nililichukulia maanani hilo neno kuliko vile nyinyi mlilichukulia naona. Langu linaning'inia kwa msumari nyuma ya mlango: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, taito ya shamba na kadi za kliniki, zote zimefungwa kwa nailoni mara mbili, tochi ya pili na betri zake zikiwa nje ndio zisioze ndani, dawa za presha za mama mkwe za wiki mbili (na hizo nabadilisha kila mwezi ndio zisipitwe na tarehe), chupa za maji, leso mbili, filimbi. Watoto wanajua tukipotezana gizani tunakutana kwa mwembe wa kanisa. Hata yule wa miaka sita anajua, muulize.

Kwa hivyo nilipuliza filimbi, majirani wakaamka, nyumba sita tukatoka. Kijana wangu wa darasa la nane alimbeba nyanya yake mgongoni kilomita nzima kwa matope, mteremko wote ule, akianguka anaamka, na nyanya anamwambia niache hapa mjukuu wangu okoa wadogo. Saa nane kasoro tukafika ukumbi ule wa juu kwenye tuta, ule mlitujengea, ule ulizindua wewe mwenyewe ukasimama pale mlangoni ukatuambia, nakumbuka maneno yako, kuanzia leo hakuna mama wa huku atanyeshewa na mtoto mgongoni.

Ulikuwa umefungwa na kufuli.

Tukapiga namba iliyoandikwa ukutani, haipatikani. Tukampigia chifu, naye maskini akaanza kupiga huku na kule, na ilipofika alfajiri ndio tukaambiwa ufunguo uko mjini kwa droo ya afisi na mwenye droo yuko likizo. Mjini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kukiwa kukavu, na usiku ule barabara ilikuwa imekatika mahali pawili.

Kibaraza cha huo ukumbi mabati yake hayafiki hata mita moja nje. Watu thelathini na mmoja tulisimama tumejibana na ukuta. Mama mkwe alikalia jerikeni, tumemfunika nailoni ya kukaushia mahindi. Na kupitia dirishani ukimulika tochi unaona magodoro, mheshimiwa, yamepangwa mpaka karibu na dari, bado yako na plastiki ya dukani, na blanketi kwa mabunda. Mtoto wangu mdogo aliegemeza paji la uso kwa kioo akaniuliza, mama, hizo ni za nani? Nilikosa la kumjibu. Wewe ungemwambia nini?

Vijana walitaka kuvunja. Wazee wakakataa, wakasema ni mali ya serikali, mtu atafungwa, na mimi nikawaunga mkono wazee, jambo ambalo nimejuta kila siku tangu hapo kwa sababu mama mkwe saa hii yuko wodini na kifua. Daktari anasema ni nimonia. Pengine angeugua hata akiwa ndani, siwezi kuapa, lakini najua alikaa masaa manne na baridi mlangoni pa magodoro.

Sasa usije ukaniambia hiyo ilikuwa tahadhari ya bure kwa sababu mlima haukuanguka. Haukuanguka Jumanne. Pokot Magharibi Novemba 2019 uliwafuata watu usiku wakiwa wamelala na zaidi ya watu 40 wakafa. Chesegon kule mpakani mwa Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi ulikuja Aprili 2020, watu wakazika, maisha yakaendelea, halafu ukaja tena Chesongoch, Elgeyo Marakwet, usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025. Mai Mahiu Aprili 29, 2024 maji yalikuja kabla kupambazuke na nyumba zikaenda na watu ndani. Hizi zote zimetokea giza likiwepo, wakati afisi zimefungwa na wenye droo wamelala. Ndio maana sielewi ukumbi wa kuokoa watu unawekwaje ufunguo wa masaa ya kazi.

Watu huku wako na maoni yao kuhusu mbona ardhi imeanza kusonga. Wengine wanasema ni ile barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima halafu mfereji wake ukaachwa umwage maji yote hapa juu yetu, na mimi naona kuna ukweli kwa sababu nyufa zilianza baada ya trekta kupita, kabla ya hapo hatukuwa nazo. Wengine wanasema ni miti, kule juu kulikuwa na msitu mkubwa nikiolewa na sasa ni mashamba ya viazi mpaka kileleni, na hapo na sisi wenyewe tumo, sikatai. Mtaalamu wa udongo aliahidiwa kuja kupima. Hiyo ni ahadi ya masika mbili zilizopita. Kama alikuja basi alipita usiku maana hakuna mtu hapa alimwona.

Nimesoma pia, ingawa mimi ni mkulima tu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema wazi kazi ya kusimamia majanga ni ya kaunti pia, si ya serikali kuu peke yake, na kwa kaunti imeandikwa pamoja na zima moto. Na sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Sasa tukija kwako tunaambiwa tungojee serikali kuu, tukienda kwa serikali kuu tunaambiwa hiyo imegatuliwa. Idara ya hali ya hewa yenyewe haijatunyima, notisi zinatoka mapema, tunasikia kwa redio mvua itazidi milimita 20 kwa masaa 24, lakini notisi ni ya eneo zima, haiwezi kuniambia mgongo gani wa mlima na nyumba gani. Hiyo ya mwisho mlisema mtaifanya nyinyi, mkaahidi king'ora kwa mnara wa shule. Mnara uko. King'ora ndio hatujakiona, mpaka leo king'ora ni filimbi yangu.

Nilikuwa nimepanga kuomba mambo mengi. Mtaalamu, king'ora, mfereji ugeuzwe, zile familia tatu zilizo chini kabisa ya ufa zitafutiwe mahali. Bado nayataka yote na nitarudi kuyauliza. Lakini nimekaa hapa wodini nikaona nikiomba manne utaunda kamati, na mvua ya masika ndio kwanza inaanza.

Kwa hivyo naomba kimoja. Ufunguo.

Mama mwenye kioski anaishi hatua ishirini kutoka kwa huo mlango, hulala saa tano na huamka saa kumi, kila mtu anamjua na hajawahi hata siku moja kuiba chenji ya mtoto. Mpeni mmoja. Mpeni chifu wa pili, na mzee wa kijiji wa tatu ndio mmoja akisafiri wengine wawepo. Waandikishe magodoro kwa daftari mbele yetu, yahesabiwe, tutaweka sahihi, kukipotea hata blanketi moja mje mtushike sisi. Kukata ufunguo ni kazi ya dakika chache kwa fundi wa mjini na kama ni pesa tutachanga.

Ninaandika haya ni saa tisa mchana, Ijumaa. Kumetanda tena upande wa juu na kijana wangu amenipigia simu kuuliza wakitoka usiku huu waende wapi, nami sijampa jibu. Kuna pikipiki hapo nje ya afisi yako kila siku, ikitoka na ufunguo saa hii inafika kabla ya giza. Tafadhali, mheshimiwa. Kabla ya saa mbili usiku.

Ni mimi,
Mama wa watoto wanne, chini ya ufa