Tulishuka Mikindani

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu ni kwako. Mwanao hajambo, jino la mbele limeng'oka na jipya limeanza kuchungulia.

Jumamosi nilimpeleka Mikindani. Usicheke. Najua ni kilomita kama 10 tu kutoka hapa Mtwara mjini, na wewe umepita pale mara nyingi ukienda Dar, usingizi umekubeba. Hata mimi, miaka yote hii nilikuwa naiona kwa kupita: kuta kuukuu, mibuyu, bahari, basi hilo limeshaondoka. Safari hii tulishuka.

Tulianzia vichochoroni. Nyumba nyingine mapaa yameanguka na miti imeota ukutani, nyingine watu wanaishi na kanga zimeanikwa. Kuna ukuta umebomoka pembeni, mawe ya matumbawe yako wazi. Mume wangu akaingiza kidole kwenye tundu, akasema, "Bibi, mkate wa kumimina!" Wallahi, vile vile. Akatoa kidole kimejaa chokaa, akakifuta kwenye kanga yangu mpya. Mbele kidogo tukakuta mlango wa nakshi, kwenye mwimo umechongwa mnyororo. Akaufuata kwa kidole pingili baada ya pingili, mpaka akachuchumaa chini kabisa. "Bibi, nani kaufunga huu mlango?" Sikuwa na jibu.

Kuna nyumba wanakuonyesha, eti Livingstone alikaa humo. Hilo nawaachia wenyewe. Ila mwaka 1866 alishukia pwani hii kweli, akaelekea bara kwa njia ya Ruvuma, na alikuja na ngamia! Alitaka kujua kama watastahimili mbung'o. Nilikosea kulitaja. Ngamia alilala wapi? Alikula nini? Alirudi kwao? Nikasema walikufa njiani. Mtoto akanyamaza.

Chini ya boma kuna jengo linaloitwa soko la watumwa. Hapo nilimweleza kwa maneno machache tu. Mengine atayasikia akikua kidogo, na ningependa siku hiyo uwepo wewe.

Boma lenyewe Wajerumani walilijenga mwaka 1895, siku hizi ni hoteli. Kilima si kikubwa, lakini ndala yangu ilikatika katikati nikamalizia pekupeku, mjukuu ananisukuma kwa nyuma kama gari bovu. Ukifika juu unaiona ghuba yote, maji yametulia kama yamo kwenye sinia, na unaelewa kwa nini majahazi yalipapenda. Kisha Waingereza wakaja na mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakataka bandari ya kina kirefu, wakaijenga Mtwara. Mikindani ikaletewa mke mwenza. Karanga zenyewe hazikwenda, mpango ukafa mwaka 1951, lakini bi mdogo alikuwa ameshaingia ndani na virago vyake.

Tulikula pweza na muhogo, tukarudi kwa bajaji. Alilala mapajani mwangu, kidole bado cheupe.

Ukija Idi, mwambie kondakta akushushe Mikindani, usije mpaka stendi. Tutakuwa barabarani tunakungoja. Mwenzangu anataka kukuonyesha mlango wake, na maswali ya ngamia yaliyobaki amekuwekea wewe.

Mama yako