Kabla Hujampa Mtu Kisogo Chako

Uyole, Mbeya
Julai

Mwanangu,

Ugonile. Huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetukamata vibaya. Baba yako analala na kofia ya sufu, anasema baridi yote ya mlima Loleza inaingilia kwenye kipara chake.

Dada yako kaniambia unaweka akiba ya kwenda Istanbul kupandikizwa nywele. Nilitaka kukupigia, nikakumbuka kwenye simu utasema "sawa mama" halafu utafanya lako. Barua huwezi kuikatia.

Sikukatazi, na wala sikucheki. Nimeona Pasaka ulivyokuwa hutoi kofia hata mezani, na miaka yako ni 26 tu. Lakini nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, mingi yake chumba cha upasuaji, na unajua ninavyoogopa makovu. Watu wawili wanashonwa siku moja, na daktari mmoja, kwa uzi ule ule. Baada ya nusu mwaka mmoja ana mstari ambao mkewe mwenyewe haoni, mwingine ana kamba nene inayomnyima usingizi kwa kuwasha.

Hizo picha ulizomwonyesha dada yako nimeziona. Zote ni za paji la uso. Hakuna hata moja ya kisogo, na kisogoni ndiko kazi inakoanzia. Nywele za huko hazinyauki kwa ile homoni inayomaliza za mbele, na ukizihamisha zinabaki na tabia ya kule zilikotoka. Daktari mmoja wa New York, Norman Orentreich, alilieleza jambo hilo mwaka 1959, na mpaka leo kazi yote inasimama hapo. Kwa hiyo lazima kisogo kikatwe. Ama wanachukua kipande kirefu cha ngozi na kushona, unabaki na mstari wa kovu unaoelekea sikio hadi sikio. Ama wanatoboa shina moja moja kwa kisindano chenye mdomo wa duara, upana kama milimita moja au pungufu. Hii ya pili ndiyo wanayokuambia haina kovu. Mwanangu, ngozi ikitobolewa mpaka chini inaacha kovu, hata liwe dogo kama punje ya ulezi. Mashina 2,500 ni matundu 2,500. Nywele zikiwa ndefu hayaonekani. Ukinyoa, kwenye ngozi yetu nyeusi, unaona vidoa vyeupe vimemwagika kisogo kizima.

Hapo pananiuma, kwa sababu leo ukichoka unaweza kwenda kwa kinyozi Mwanjelwa, ukanyoa zote kama baba yako, mambo yakaisha. Ukishatobolewa, huo mlango haufungwi kabisa, lakini hutaupita tena kwa raha.

Sasa tukumbushane kisogo chako. Ulipokuwa kidato cha tatu ulianza kuota vile vipele vigumu hapo shingoni nywele zinapoishia. Tulidhani ni mashine chafu, tukabadilisha vinyozi watatu. Havikuwa uchafu. Nywele zetu zinajikunja, zikinyolewa karibu sana zinarudi ndani ya ngozi, ngozi inavimba, na kwa watu wengine kila kipele kinageuka kovu gumu lisilootesha nywele tena. Bado unavyo, usinidanganye, nilivigusa nilipokukumbatia stendi. Na karibu na hapo hapo ndipo unapotaka mtu apitishe sindano maelfu.

Halafu lile kovu la chanjo ya kifua kikuu begani kwako. Wenzako wana kidoa. Wewe una donge linalong'aa, na ulikuwa ukilikuna mpaka unalia. Na mimi unalijua langu la kifuani, lililotokana na jipu dogo tu. Kidonda kilipona vizuri, nikasahau. Baada ya miezi minne kikaanza kuwasha, kikanyanyuka, kikavuka mipaka ya jeraha lenyewe, kama kiazi kitamu kinavyotambaa nje ya tuta. Hiyo ndiyo keloidi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi kuliko Wazungu, tena inatembea ndani ya ukoo. Nilichomwa sindano za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki kadhaa. Nimezaa watoto wanne, bado nasema zile sindano zilikuwa na maumivu yake. Lilipungua, halikuisha. Kulikata tu bila tiba nyingine mara nyingi linarudi, na linaweza kurudi kubwa kuliko lilivyokuwa.

Ni kweli kichwani keloidi si kawaida kama kifuani au kwenye masikio, na wapo watu weusi wengi waliopandikizwa wakapona vizuri. Sitakutisha kwa uongo. Ila wewe una mashahidi wawili mwilini mwako na wa tatu ni mama yako.

Lingine ambalo hao wa picha hawatakuambia: shina la nywele zetu limejikunja hata chini ya ngozi, kama ndoana. Kisindano kinakwenda moja kwa moja. Asiyezizoea nywele za namna hii anakata shina katikati, nywele inakufa, tundu linabaki. Akiona anaharibu, anachukua kisindano kipana zaidi, na kovu nalo linapanuka. Muulize atakayekufanyia, yeye mwenyewe na si kijana wa mapokezi: amewapandikiza watu weusi wangapi? Aonyeshe visogo vyao vilivyonyolewa, mwaka mmoja baadaye. Na ni nani hasa atakayeshika kisindano, daktari au wasaidizi wake?

Ombi langu ni hili. Uende kwanza kwa daktari wa ngozi, hospitali ya Muhimbili hapo Dar karibu na wewe, au tukutane Moshi pale hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha ngozi kinachofundisha madaktari wa nchi nyingi za Afrika. Nauli nitatoa mimi. Avitibu hivyo vipele mpaka vitulie. Aangalie pia kama kuota kipara kwako ni kule kwa ukoo tu, maana kuna magonjwa yanayokausha mashina kwa kuacha kovu, na ukipandikiza juu ya ugonjwa ulio hai hata nywele mpya zinaliwa. Muulize kuhusu dawa za kipara, minoksidili na finasteridi, kwa sababu kipara chako hakijamaliza safari, na ukipanda mbele leo za nyuma yake zikaanguka kesho, utabaki na kisiwa. Finasteridi kwa wachache inapunguza hamu ya tendo. Mimi ni nesi, sioni haya kukuambia. Na mkeo akiwa mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Baada ya hapo, kama bado unataka, omba jaribio: mashina machache tu, nyuma ya sikio, mahali pa kujificha. Usingoje wiki mbili tu. Ngoja miezi sita, ukiweza mwaka, kwa sababu la kwangu lilijificha miezi minne. Hata jaribio likipita vizuri si hati ya dhamana, lakini likivimba umepoteza matundu kumi badala ya 2,500. Daktari anayelikataa jaribio kwa sababu ndege yako ni Jumapili, muache apande hiyo ndege peke yake. Na kovu likianza kuwasha baada ya miezi mitano, Istanbul iko mbali, atakayekuchoma sindano ni nani?

Baba yako anasema nikuandikie kwamba yeye alioa na kipara. Nimemwambia hilo si hoja, nilimkubali kwa sababu ya baiskeli.

Jumamosi mwambie jirani yako akupige picha ya kisogo mchana, juani, bila kofia, unitumie. Siku hiyo nitampa konda wa basi la alfajiri debe la viazi. Kalipokee stendi ya Magufuli jioni hiyo hiyo, mara iliyopita vilikaa siku mbili vikaanza kuota.

Mama yako