Barua kwa Doto, Nansio

Mwanangu Doto,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini simu yako imezimwa tangu Jumatatu ya Pasaka na nimechoka kumsikiliza yule dada wa mtandao akiniambia hupatikani. Barua hii anakuletea kijana wa meli, yule anayeninunuliaga muhogo huko Ukerewe. Mpe maji ya kunywa. Hela usimpe, nimeshamlipa.

Nianzie pale pale Pasaka. Nilisimama mbele ya wageni na kitenge kipya alichonunua mwenzako, nikasema, "Huyu ndiye Kulwa, daktari wetu, yuko Dodoma." Wakapiga makofi. Halafu nikasema, "Na huyu ni Doto." Basi, nikaenda kuangalia pilau. Hata mbuzi wa mnadani huelezwa zaidi ya hapo. Niliporudi kiti chako kilikuwa kitupu, na mbele ya watu wote nikasema una wivu. Haukuwa wivu, mwanangu. Nilikosea, na nimeungama kwa padre kabla ya kukuandikia wewe, maana kwa padre ni rahisi zaidi.

Miaka 31 naitwa Mama Kulwa. Mwaloni pale Kirumba, kanisani, hadi kwenye daftari la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Hakuna aliyekusudia ubaya: kwetu Wasukuma pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mama hubeba jina la aliyetangulia. Alikutangulia kwa dakika chache tu. Lakini mimi nilizichukua dakika hizo nikazifanya mizani. Mwenzako kafaulu. Mwenzako kajenga. Nikipiga hesabu, neno "mwenzako" nimekutamkia mara nyingi kuliko jina lako. Ndiyo maana Kwaresima uliponiambia, "Mama, mimi bado sijawa mtu," nilikujibu kijinga kwamba uzidishe sala, Mungu atakuinua kama alivyomwinua Kulwa. Nilimfanya Mungu naye aseme "mwenzako".

Kuna jambo sikuwaambia wote wawili. Mwaka ule wa mvua nyingi nilikopa kikundini nikanunua dagaa wabichi, nikawaanika kule Igombe. Giza la usiku usio na mwezi, wakati wa kuvua dagaa, lilikuwa zuri, wavuvi wamepata, bei imeshuka, nikajiona mjanja. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Dagaa wakilowa hivyo hukatika vichwa, wananuka, na mteja wa kweli hawagusi. Wengi niliwauza kwa watu wa chakula cha kuku, bei ya kutupa. Nikabaki na deni na gunia moja la mchanganyiko pale mlangoni.

Nikaacha kwenda jumuiya. Miezi miwili. Kwenye daftari la michango kulikuwa na jina langu na mbele yake mstari mtupu, nikajiambia nitarudi nikipata cha kuandika pale. Jumamosi moja nikasikia wanaimba wanapandisha mawe kuja kwetu, na mikeka yao kichwani. Wakasali mlangoni kwangu. Walipomaliza, yule bibi muuza karanga akabaki, akavuta lile gunia, akamimina dagaa kwenye ungo, akaanza kuchambua nami. Mzima huku, aliyeharibika kule. Tulichambua mpaka jua likazama upande wa ziwa, vidole vinanuka. Hakunitajia mstari wowote wa Biblia. Alipoinuka alisema, "Wiki ijayo tuko kwangu. Uje, sauti ya pili inatushinda bila wewe."

Usiku ule nilisali nikiwa sina kitu mkononi. Nilikuwa mkristo tangu utotoni. Bibi yako alinibatizia Bukumbi, kwenye misheni ya tangu 1883, na alipenda kutukumbusha kwamba Bukumbi ilikuwepo kabla Wajerumani hawajaweka boma Mwanza. Lakini muda wote huo nilidhani Mungu naye ana daftari kama la VICOBA. Siku ile ndiyo nilijua kwamba nilikuwa wake hata pale mstari ulipokuwa mtupu. Deni nililipa kwa mwaka na nusu, kwa jasho. Hao wa vipaza sauti wanaouza mafuta ya upako pale stendi, wakikuahidi gari kwa jina la Yesu, wapite tu.

Sasa jina lako la ubatizo. Ulizaliwa mapema Julai, katekista akatazama kalenda, akaona Mtakatifu Tomaso, tarehe 3, akaandika. Sisi tukaona sawa. Juzi nasoma Injili ya Yohane ndipo naona: Tomaso, aitwaye Pacha. Nilisoma mara tatu, miwani nikaifuta. Watu wanamkumbuka kwa kutosadiki tu, lakini ndiye huyo huyo aliyewaambia wenzake, Yesu alipotaka kurudi Uyahudi kulikokuwa na hatari, waende wakafe naye. Na huyo pacha wake Injili haimtaji kabisa, kama alikuwa tajiri, kama alikuwa mganga, hatujui. Siku nane baada ya wenzake kumwona Bwana, Yesu alirudi tena, milango ikiwa imefungwa, akamwendea Tomaso na kidole chake na maswali yake. Hakumwuliza ndugu yake anaendeleaje.

Mle mle mwishoni Petro anamwona mwanafunzi mwingine nyuma, anauliza, "Bwana, na huyu je?" Akajibiwa kwamba hayo hayamhusu, yeye afuate. Nilijiona mimi pale, naulizia "na huyu je" miaka 31.

Hilo ndilo ninalokuombea. Si injini mpya wala nyumba, ingawa ukipata nitacheka. Wavuvi wa Ukara waliniambia kuna fundi Nansio ambaye mtumbwi ukizimikia katikati ya ziwa usiku anafuata kwa boti yake, anatengeneza kwa tochi mdomoni, na kama samaki hawakupatikana anasubiri malipo mpaka giza lijalo. Nikanyamaza, nikawaacha wamsifu kwanza, ndipo nikasema huyo ni wangu. Mmoja akauliza, "Kumbe Mama Kulwa una mtoto mwingine?" Hiyo ilinichoma, na ilinistahili.

Tarehe 3 Julai jumuiya itasali kwetu, nimeomba zamu. Njoo kama moyo unataka. Pampu ya maji ya jirani imekufa, leta spana zako. Kulwa sijamwalika. Ukitaka awepo, mwalike wewe.

Mama yako