Neema, mwambie fundi asubiri

Neema shoga yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo nyumbani. Natumaini homa ya Kibwana imeshakwisha. Huku tu wazima, tunashukuru.

Naandika mbiombio kwa sababu Baraka kanipa habari ambayo sikuipenda: kwamba Ijumaa anakuja fundi kufomati laptopu zote za chumba cha kompyuta, hizi zenye Linux Mint, na kuzirudishia Windows, kisa waifai imepotea baada ya kuapdeti. Nakuomba sana, mwambie asubiri. Mashine hizo hazijaharibika. Kazi za wanafunzi zimo, mipangilio yako yote imo, na kinachokosekana ni draiva moja tu, yaani programu inayoendesha kadi ya waifai, ambayo inarudishwa bila kufuta kitu.

Baraka kanitumia na ile picha uliyopiga kioo cha laptopu. Nusu yake imeliwa na mwanga wa dirisha, lakini mstari mmoja unasomeka: BCM43142, na mwishoni 14e4:4365. Hiyo namba ya mwisho ndiyo kitambulisho cha kadi yenyewe. Mtu akikupa ushauri wa waifai kabla ya kukuuliza namba hiyo, usianze kuandika amri zake.

Sasa sikiliza kwa nini imepotea, maana ukishalielewa hili hakuna atakayekubabaisha. Draiva nyingi za Linux zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo kerneli ikibadilika nazo zinakuja mpya. Draiva ya kadi hii haimo. Inaitwa wl, na sehemu yake kubwa Broadcom waliitoa ikiwa imefungwa, msimbo wake hausomeki. Toleo lao la mwisho ni 6.30.223.271, la mwaka 2015. Tangu hapo ni watu wa Debian na Ubuntu wanaoitia viraka ili iendelee kukubaliana na kerneli mpya. Kwenye Mint inakuja katika kifurushi kinachoitwa bcmwl-kernel-source, na kila kerneli mpya ikiingia, programu ya DKMS inatakiwa kuijenga upya draiva hiyo hapo hapo kwenye mashine yako. Ili iijenge inahitaji kifurushi cha linux-headers, yaani mafaili ya kujengea draiva, cha kerneli ile ile, si cha jirani yake. Kikikosekana, haijengi, na wala huoni onyo lolote la maana. Mashine inawaka vizuri, kila kitu kinafanya kazi, waifai tu haipo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, chukua laptopu moja tu na uiwashe kwa kerneli ya zamani. Ikiwa inaanza kuwaka, gusagusa Esc, au kama ni ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya zamani shikilia Shift, mpaka itokee orodha. Ingia Advanced options for Linux Mint, chagua kerneli yenye namba ndogo, ile isiyo na maneno recovery mode. Ukizidisha Esc utaangukia kwenye kioo cheusi chenye neno grub>. Usiogope, andika normal, bonyeza Enter, itaendelea. Waifai ikirudi ukiwa kwenye kerneli ya zamani, basi umeshathibitisha kuwa kadi ni nzima na tatizo ni draiva kutojengwa kwa kerneli mpya. Tena una intaneti ya kufanyia kazi iliyobaki.

Ndiyo maana nasisitiza mtu yeyote asibonyeze kitu cha kufuta kerneli za zamani, wala asiandike apt autoremove, mpaka mashine zote zimepona. Kwenye Update Manager kuna sehemu ya kuondoa kerneli zilizopitwa na wakati zenyewe. Kama imewashwa, izime leo.

Ukisharudi kwenye kerneli mpya, fungua terminali uandike hizi, moja moja:

uname -r
lspci -nnk -d 14e4:
dkms status
mokutil --sb-state
sudo modprobe wl

Ya kwanza inakupa jina la kerneli uliyomo. Ya pili inaonyesha kadi na draiva inayoitumia: mashine isiyo na tatizo itaandika Kernel driver in use: wl. Ukiona bcma-pci-bridge, au mstari huo haupo kabisa, ujue wl haijashika. Ya tatu ndiyo ya kutazama kwa makini. Mbele ya bcmwl panatakiwa paandikwe jina lile lile ulilopewa na uname, kisha installed. Ukikuta kerneli ya zamani tu ndiyo imetajwa, au neno added peke yake, jibu umelipata. Ya nne inasema kama Secure Boot imewashwa, yaani ule ulinzi unaokataa draiva isiyosainiwa kwa ufunguo ambao mashine inautambua.

Lakini amri ya mwisho ndiyo inayotenganisha magonjwa mawili ambayo kwa nje yanafanana. Ikisema Module wl not found in directory na kadhalika, draiva haijajengwa. Ikisema Key was rejected by service, au kwenye kerneli za zamani Required key not available, draiva imejengwa vizuri ila Secure Boot imeikataa kwa kuwa ufunguo uliotumika kuisaini hautambuliki na mashine. Watu wanatibu la kwanza wakati wana la pili, wanasakinisha na kusakinisha tena, mwisho wanaita fundi wa kufomati.

Kama ni la kwanza, unahitaji intaneti kidogo tu, makumi machache ya MB. Kama kerneli ya zamani imeshafutwa na huna waifai mahali popote, chomeka simu kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya hotspoti, washa USB tethering. Linux inaiona simu kama waya wa mtandao, haidai draiva. Hakikisha waya si ule wa kuchajia tu, na funga Update Manager isije ikamaliza bando lako. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall
sudo modprobe wl

Kumbuka hiyo $(uname -r) inachukua kerneli uliyowashia. Ukiwa unafanya kazi ndani ya kerneli ya zamani, andika mwenyewe jina la ile mpya, unalipata kwa ls /boot/vmlinuz*. Na ili yasijirudie, weka kifurushi mama ambacho kitaleta headers pamoja na kila kerneli ijayo: linux-headers-generic kwa kerneli ya kawaida ya Mint 22, ile ya 6.8, au linux-headers-generic-hwe-24.04 kama mashine imehamia kwenye zile mpya zaidi. Hapo ndipo ilipo dawa yenyewe, hayo mengine ni huduma ya kwanza.

DKMS ikigoma kujenga hata headers zikiwepo, sababu imeandikwa kwenye faili la make.log ndani ya /var/lib/dkms/bcmwl. Mara nyingi maana yake ni kwamba bcmwl uliyonayo ni ya zamani kuliko kerneli, basi apdeti kifurushi chenyewe au baki kwenye kerneli ya zamani mpaka kiraka kitoke. Usipakue draiva ya Broadcom kutoka popote pengine ukaijenga kwa mkono. Haina viraka hivyo, itakufia.

Kama ni la pili, la Secure Boot, andika:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Itakuomba utunge nywila ya muda. Tumia herufi ndogo na namba tu, kwa sababu mahali utakapoiandika kibodi inahesabiwa kuwa ya Kimarekani. Zima uwashe. Kitatokea kioo cha bluu kinachokusubiri sekunde 10 tu ubonyeze kitufe chochote. Hapa ndipo wengi wanaachwa: wamekwenda kuchota chai, kioo kimepita, na ombi limefutwa, inabidi kuanza upya. Simama hapo hapo. Chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, andika nywila yako, halafu Reboot. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kuingia BIOS, na laptopu za msaada kama zenu mara nyingi BIOS zake zimefungwa kwa nywila ya ofisi ilikotoka, ambayo hakuna anayeijua.

Ukisoma kumbukumbu za kerneli utakutana na maneno taints kernel kando ya wl. Yanatisha, lakini ni taarifa tu kwamba draiva si ya leseni huria. Usihangaike nayo. Na kabla ya yote angalia rfkill list: ikisema Hard blocked: yes, basi kuna swichi pembeni au kitufe cha ndege kimebonyezwa na mwanafunzi.

Kwa laptopu nyingi usile bando mara kumi. Kwenye moja, pakua tu bila kusakinisha: sudo apt-get --download-only install ukifuatisha jina la headers. Mafaili ya .deb yanabaki kwenye /var/cache/apt/archives, unayaweka kwenye fleshi, unapita nayo kila mashine na sudo dpkg -i *.deb. Yatafaa tu pale ambapo uname -r inafanana, kwa hiyo andika majina ya kerneli kwenye karatasi kwanza.

Baraka anasema uliuliza kundini, ukaandika "waifai haifanyi kazi, nisaidieni", ukajibiwa na watu watatu mambo matatu: mmoja b43-fwcutter, mmoja ndiswrapper, mmoja akasema Linux si ya shule. Nimeumia kusikia hivyo, maana kundi lile lina watu wanaojua hasa na wenye moyo. Hao wawili wa kwanza hawakukudanganya makusudi. B43 ni ya kadi za zamani zaidi za Broadcom kama BCM4312, kwa hii ya kwako haifanyi kazi hata ukilia. Ndiswrapper ni ya enzi za kubeba draiva za Windows, achana nayo. Walikisia kwa kuwa hukuwapa cha kushika. Uliza tena hivi: taja laptopu na toleo la Mint, sema ilikuwa inafanya kazi mpaka lini na nini kilibadilika, kisha bandika majibu ya zile amri tano kama maandishi, si picha. Maandishi mtu anaweza kuyanakili na kuyatafuta. Ongeza na inxi -Nxxz. Hiyo z inaficha namba za kadi zenu zisizagae.

Fanya kitu kimoja, toa jibu lake, ndipo ufanye kingine. Ukichanganya ushauri wa watu watatu kwa wakati mmoja, hata ikipona hutajua imeponywa na nini, na laptopu ya pili utaanza upya. Mtu akikuletea amri ndefu yenye curl na mwishoni sudo bash, yaani inayopakua kitu mtandaoni na kukiendesha papo hapo kwa mamlaka yote, usiiandike hata kama amekuita dada. Na ikipona, rudi useme imepona kwa hatua ipi. Kuna mwalimu mwingine mahali fulani mwenye 14e4:4365 yake ambaye ataokolewa na mistari yako minne.

Kwa ile laptopu iliyopasuka kona, ambayo Baraka anasema kadi yake haionekani kabisa kwenye lspci, hiyo ni habari nyingine. Fungua, chomoa kadi uirudishe, ikigoma nunua kidude cha waifai cha USB. Kabla ya kulipa uliza chipu: MT7601U au AR9271. Draiva zake zimo ndani ya kerneli, hakuna kujenga kitu.

Ila kwanza kabisa, leo hii, nakili kazi za wanafunzi kutoka /home kwenda kwenye fleshi. Timeshift isikudanganye, kwa kawaida inahifadhi mfumo, haihifadhi mafaili ya watu.

Sasa nijibu haya. Laptopu ziko ngapi, na zote zina kadi hiyo hiyo au zimechanganyika? Kerneli ya zamani bado ipo kwenye orodha? modprobe imesema not found au rejected? Routa ya shule inatoa 2.4 GHz, au kuna mtu kaiweka 5 GHz peke yake, maana kadi hii haiioni 5 GHz kabisa? Yule fundi mmeshampa kitangulizi? Na Bi Mwanaidi anasemaje, yuko upande wetu au ameshachoka na mambo ya Linux? Macho ya mama yanaendeleaje?

Nitumie faili la majibu ya mashine moja hata usiku, nitalisoma. Bora lifike kabla ya Alhamisi jioni ili tuwe na nafasi ya kuulizana kabla fundi hajafika.

Wako,
Zainabu