Mdogo wangu, usiwaache watoto nyuma eti mpaka shule ipatikane

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kwa Mama, pamoja na habari kwamba wewe na shemeji mmekubaliana mje Uingereza wawili kwanza, watoto wabaki Moshi kwa bibi yao mpaka mpate shule huku. Nakuandikia hadharani kwa sababu manesi wengi wanaokuja kufanya kazi huku wanapanga hivyohivyo, na nimeshuhudia mpango huo ukiwatenganisha wazazi na watoto kwa mwaka mzima, wengine zaidi.

Naomba mbadilishe mawazo. Shule za serikali hapa England ni nadra kumpokea mtoto ambaye bado yuko nje ya nchi. Kinachoangaliwa ni anaishi wapi, na halmashauri nyingi zinataka kuona mkataba wa pango au ankara ya kodi ya halmashauri yenye jina la mzazi, na mtoto mwenyewe awe ameshafika. Ukisubiri nafasi ipatikane ndipo umlete, utasubiri sana, kwa sababu nafasi nayo inamsubiri yeye afike.

Najua kinachowatia hofu. Viza yenu imeandikwa kwamba hamruhusiwi kutumia fedha za umma, na mtu kamwambia shemeji kwamba shule ya bure nayo ni fedha za umma. Si kweli. Katazo hilo linahusu posho za serikali na nyumba za halmashauri. Elimu ya shule za serikali haimo, na mtoto aliyekuja kama mtegemezi wako ana haki ya kusoma bila ada. Tena madarasa matatu ya mwanzo, yaani Risepsheni, Mwaka wa 1 na Mwaka wa 2, wanakula chakula cha mchana bure bila kuulizwa kipato cha wazazi. Utaratibu huo upo tangu 2014.

Sasa tuanze na mkubwa. Hapa darasa linapangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, kuanzia 1 Septemba hadi 31 Agosti. Kwa kuwa atakuwa ameshatimiza miaka 6 ifikapo mwisho wa Agosti, ataingia Mwaka wa 2, hata kama Moshi ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza. Usihangaike kuomba arudishwe nyuma kwa ajili ya Kiingereza. Shule zimezoea watoto wanaokuja na lugha nyingine, na kwa umri ule lugha inashika haraka kuliko tunavyodhani sisi wakubwa.

Yeye ataombewa nafasi nje ya msimu wa kawaida wa maombi, huku wanaita maombi ya katikati ya mwaka. Miji mingine fomu inapelekwa halmashauri, mingine inapelekwa shuleni moja kwa moja. Tovuti ya halmashauri yenu itaeleza. Hapa ndipo wageni wengi wanakwama: wanapiga simu shule iliyo karibu, karani anasema, "Samahani, tumejaa," wanashukuru na kukata simu. Simu si maombi. Jaza fomu hata kama umeambiwa wamejaa. Ukishaomba rasmi, lazima ujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 15 za masomo, na wakikataa, barua hiyo lazima ikueleze sababu na haki yako ya kukata rufaa. Rufaa inasikilizwa na jopo huru, si na mwalimu mkuu aliyekukatalia. Kumfahamu mtu hakusaidii kitu hapa. Nafasi hutolewa kwa vigezo vilivyochapishwa, na kila mwombaji anapimwa kwa vigezo hivyohivyo.

Nisikufiche, rufaa ya Mwaka wa 2 ni ngumu. Sheria inazuia madarasa ya wadogo kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na jopo haliruki hilo kirahisi. Lakini sheria hiyohiyo ina mlango kwa watoto wa aina yenu: mtoto aliyehamia katikati ya mwaka, na hakuna shule nyingine yenye nafasi katika umbali unaofaa, anaweza kuingizwa akawa wa 31. Ikiwa halmashauri itakupa shule ya mbali, ichukue kwanza mtoto aanze kusoma, huku jina lake likibaki kwenye orodha ya kusubiri ya shule ya karibu. Kuipokea ile ya mbali hakukuondolei haki hiyo. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, shule inayomfaa iliyo karibu zaidi yenye nafasi ikiwa zaidi ya maili 2 kwa miguu, takriban kilomita 3.2, usafiri ni juu ya halmashauri. Uulizie, maana mara nyingi wenyewe hawakutangulii kukuambia.

Huyu mdogo njia yake ni nyingine. Ataanza Risepsheni Septemba baada ya kutimiza miaka 4, na maombi hufungwa 15 Januari, majibu yakatoka 16 Aprili. Jaza shule zote unazoruhusiwa kwa mpangilio unaoutaka. Kuna wanaoandika shule moja tu wakiamini itawaonea huruma. Shule haipangi kwa kuangalia uliiweka ya ngapi, na ukiikosa hiyo moja unapewa iliyobaki na nafasi. Shule nyingi huwapa kipaumbele wenye ndugu shuleni, kwa hiyo atakapotua mkubwa ndipo kwenye nafuu ya mdogo. Fikirieni hilo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba. Baada ya ndugu, mara nyingi unafuata umbali. Jirani yangu mmoja alikosa shule anayoiona kutoka dirisha la jikoni, kwa sababu mwaka ule waliokuwa karibu zaidi walikuwa wengi.

Mambo ya kufanya kabla ya kuondoka ni machache. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wakala wa usajili wa vizazi huko nyumbani, vile vya Kiingereza. Ripoti ya shule ya mkubwa. Kadi za kliniki zenye chanjo zote, maana daktari wa huku ataziulizia mkijiandikisha. Na vyeti vya ubatizo, muombe katibu wa parokia mapema: shule nyingi za Kikatoliki hapa nazo ni za serikali na hazina ada, ila zikiwa na waombaji wengi hutanguliza waliobatizwa, na zina fomu yao ya nyongeza.

Mwambie shemeji akate tiketi nne. Chumba cha nyuma kipo, mkae mpaka mpate nyumba. Mama nitaongea naye mimi Jumapili baada ya misa.

Dada yako