Usiipeleke kwa sonara

London, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Barua yako nimeipata juzi, na mstari mmoja umeninyima usingizi: eti ile penseli ya fedha ya marehemu babu imeingia weusi, na Jumamosi unaipeleka kwa sonara aing'arishe. Tafadhali, usiipeleke!

Yangu ya kwanza niliiharibu vivyo hivyo. Niliipata sokoni hapa, nyembamba kama kidole cha mtoto, mwili mzima umechorwa nakshi kama punje ndogo za shayiri, na kitakoni ina jiwe la muhuri la kugandamizia lakiri. Nikakaa nayo na dawa ya meno na kitambaa mpaka ikawaka. Nakshi zikafifia, chapa ikafutika nusu. Mzee mmoja anayeuza vitu hivi aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akaguna, akanirudishia. Mguno ule nausikia mpaka leo.

Kumbe thamani imo kwenye alama ndogo kuliko punje ya mchele. Sampson Mordan na John Isaac Hawkins walipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya penseli hizi za kusukuma ncha nje, hapa London mwaka 1822. Hawkins akajitoa, Mordan akashirikiana na Gabriel Riddle hadi 1836, kwa hiyo ukiona SM na GR pamoja, kaa kitako kabla hujasoma zaidi. Jina S. MORDAN & CO peke yake halisemi mengi, maana liliandikwa miaka na miaka; kampuni iliendelea hata baada ya Mordan kufariki mwaka 1843, na kiwanda chao cha City Road kilipigwa mabomu mwaka 1941. Tafuta simba anayetembea, ndiye shahidi wa fedha halisi, na kichwa cha chui, ndiyo alama ya London. Kando yao kuna herufi ya mwaka. Yangu ya pili ina n ndogo: 1828.

Walitengeneza hata za umbo la nguruwe, za maiti wa Kimisri ndani ya jeneza lake, na za bundi. Za bundi watu wanazigombania, lakini mimi bundi ndani ya nyumba? Abadan.

Basi ya babu ifute vumbi tu kwa kitambaa laini, simama nayo dirishani asubuhi jua likiwa la ubavuni, unipigie picha ya karibu ya shingo yake. Ile pete inayosukuma ncha nje ikigoma, usiilazimishe. Na usijaribu kutia risasi za penseli, zile ncha za kuandikia, za dukani za milimita 0.5, zitapwaya na kudondoka. Fungua kitako polepole, huenda babu aliacha akiba ya risasi zake humo ndani.

Sonara akinuna, mpelekee bangili zako.

Ni mimi, shoga yako