Farasi wa kafara

Mwanangu,

Mbukwa. Sisi hapa Nkuhungu, Dodoma, hatujambo, ila upepo wa Agosti umetuzidi. Jana uliangusha kete zote za sataranji, tukabaki kubishana ngome ya nani ilikuwa wapi.

Ujumbe wako nimeupata. Kwa hiyo Jumamosi unataka kumchezea yule mwenzako gambiti ya Halloween, ule mwanzo wa sataranji wa kutoa kete kafara ili ushambulie. Nakuelewa: yeye amekariri mianzo yote ya kawaida, nawe unataka umtoe barabarani. Farasi wanne wameshatoka, ubao umetulia tuli, halafu hatua ya nne farasi wako anakula askari wake wa e5 (herufi na namba ni jina la mraba wa ubao) huku anaona kabisa analindwa! Unatoa kete ya pointi 3 kwa askari wa pointi 1.

Mimi niliijaribu kwa mwalimu mstaafu wa jirani. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Umekosea, nikurudishie?" Nikanyamaza. Akala. Nikasukuma askari d4, farasi wake akakimbilia g6. Nikasukuma e5, yule wa pili akarudi g8 alikotoka, kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Alifungwa kashata hazijaisha.

Jumapili iliyofuata nikarudia palepale (tamaa ya baba yako unaijua). Nilipoleta askofu c4, hakufikiri hata kidogo: d5! Nikala kwa askofu, yeye akasukuma c6, askofu wangu akafurushwa, na kete zake zikapata njia. Nikabaki na pungufu ya farasi na sina shambulio. Mzee alikuwa amekesha na ubao.

Hapo ndipo nilipoona tofauti na drafti letu la vifuniko vya soda. Kwenye drafti ukimlisha mtu, lazima ale, na alichokula kimeshakwenda. Huku anakula kwa hiari yake, na akiona kinamkaba koo anakitapika.

Mwenzako akirudisha farasi c6 badala ya g6, usikimbilie kusukuma d5 kwa pupa. Ataleta askofu b4, akuachie umle yule farasi, huku farasi wake mwingine akila askari wako wa e4, maana farasi wako wa c3 atakuwa amefungwa asiweze kulipiza. Hiyo ipitie Ijumaa usiku.

Mwaka 1980 huko Skara, Uswidi, Mwingereza Miles alimjibu Karpov, bingwa wa dunia, kwa askari wa a6 hatua ya kwanza kabisa. Watu walicheka. Karpov akafungwa, lakini si na a6: Miles alijua kucheza baada ya kicheko.

Na usiifanyie mazoezi bwenini, habari zitamfikia mwenzako kabla ya chakula cha jioni.

Zabibu nimempa konda wa basi la asubuhi, boksi dogo. Mgawie na huyo mpinzani wako, ila baada ya mchezo.

Baba yako